Shaka Iliyotoka Algeria: Je, Usasabaadaye Ungeweza Kuepukika?

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mlioketi safu ya mbele, shikamooni. Wanafunzi na wasomaji wenzangu mliokuja jioni hii, karibuni sana.

Mada mliyonipa ni swali: kama historia ingepita njia nyingine, je, fikra za usasabaadaye zingezaliwa? Mara nyingi wanaouliza swali hili huwa na jibu lao tayari. Asiyeupenda usasabaadaye hutaka uwe ajali tu. Kwake, walimu wachache wa Paris walijifungia na vitabu vigumu, wakatoka na maneno magumu zaidi, na lau wangepata shughuli nyingine dunia ingebaki na akili zake timamu. Anayeupenda naye hutaka uwe majaaliwa, kitu kilichokuwa njiani tangu zamani. Mimi nina jibu la tatu, na nalitaja mapema ili mnipime kwalo. Shaka yenyewe isingeepukika. Lakini vazi ililovishwa shaka hiyo lingeweza kuwa jingine kabisa, na naamini lingekuwa bora. Ushahidi wa yote mawili tutaukuta Algeria, koloni la zamani la Ufaransa.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia nini. Mwaka 1979 Jean-François Lyotard alichapisha ripoti kuhusu hali ya maarifa katika nchi zilizoendelea sana kiviwanda. Ripoti hiyo iliagizwa na Baraza la Vyuo Vikuu la serikali ya Quebec, Kanada. Humo aliueleza usasabaadaye kwa maneno machache yanayorudiwa hadi leo: ni kutoyaamini tena masimulizi makuu. Masimulizi makuu ni yale yanayotuambia historia inaelekea wapi na kwa faida ya nani. Kwamba elimu itamtoa binadamu gizani. Kwamba akili ikiachwa huru itazaa haki. Kwamba tabaka la wafanyakazi likijikomboa litakuwa limewakomboa wote. Ulaya iliishi ndani ya masimulizi hayo kwa karne mbili, na kwa jina la masimulizi hayo hayo ilipanda meli ikaenda kutawala watu wa mbali.

Njia rahisi ya kuichezea historia ni kumfuta mtu mmoja na kutazama kinachobaki. Haya, tumfute Lyotard. Quebec wangemwagiza mwingine, na huenda leo tungekuwa na jina jingine. Tuwafute basi walimu wote wa Paris kwa mkupuo. Bado wamebaki Theodor Adorno na Max Horkheimer, wakimbizi wa Kijerumani walioandika Los Angeles, Marekani, wakati wa vita kwamba akili ya zama za Mwangaza, yaani zile fikra za Ulaya za karne ya kumi na nane, iliyoahidi kumwondolea binadamu hofu, imegeuka kuwa chombo cha kutawalia. Yumo Jorge Luis Borges kule Buenos Aires, ambaye hadithi zake fupi zilikwishaanza kuvuruga mipaka kati ya kitabu na ulimwengu kabla ya wengi wa hao wa Paris kumaliza shule. Michel Foucault, mmoja wa hao wa Paris, alifungua kitabu chake cha mwaka 1966 kwa kusema kwamba kilizaliwa na kicheko kilichomshika alipokuwa akimsoma Borges. Yumo Thomas Kuhn, Mmarekani aliyesomea fizikia, aliyeandika mwaka 1962 kwamba sayansi haisongi mbele kwa kulundika ukweli juu ya ukweli, bali hupinduka, na wanaobaki upande wa pili wa mapinduzi huiona dunia kwa jicho tofauti. Watu hawa hawakuwa wanafunzi wa shule moja wala wafuasi wa mwalimu mmoja. Shaka inayoibuka Los Angeles, Buenos Aires na katika historia ya fizikia haiwezi kuitwa ugonjwa wa mtaa mmoja wa Paris.

Hilo linatosha kwa mtu wa ajali. Kazi kubwa ni kueleza kwa nini shaka hii, iliyokuwa imesambaa hivyo, ilipata nguvu na jina kwa Wafaransa.

Tazameni walikotoka. Mwanafalsafa Jacques Derrida alizaliwa El Biar, kitongoji cha Algiers, mwaka 1930. Louis Althusser, aliyewafundisha wengi wa kizazi hicho, alizaliwa Birmandreis karibu na Algiers mwaka 1918. Mwandishi Hélène Cixous alizaliwa Oran mwaka 1937. Lyotard alizaliwa Versailles, lakini kuanzia 1950 hadi 1952 alifundisha falsafa katika sekondari ya Constantine, na kwa miaka kadhaa baadaye yeye ndiye aliyeandika kuhusu Algeria katika jarida la kundi lake la wanamapinduzi. Foucault alikuwa akifundisha Tunis kuanzia mwaka 1966 hadi 1968. Aliwaona wanafunzi wake wakikamatwa na kuteswa, na baadaye akasema kwamba kilichombadilisha ni Tunisia kuliko maandamano ya Mei 1968 ya Paris. Mwanazuoni wa Uingereza Robert Young aliandika mwaka 1990 kwamba tukitafuta tukio moja lililozaa fikra hizi, basi ni Vita vya Uhuru vya Algeria. Namuunga mkono, ila mimi nitarudi nyuma kidogo kuliko yeye, kwa sababu vita vile navyo vilikuwa na mlango ambao ungeweza kufungwa mapema.

Mlango huo una tarehe. Mwaka 1936 Ufaransa ilipata serikali ya mrengo wa kushoto chini ya Léon Blum. Ndani yake alikuwamo Maurice Viollette, aliyewahi kuwa Gavana Mkuu wa Algeria na aliyeijua nchi ile vizuri. Wakati huo Mwislamu wa Algeria alikuwa mtawaliwa wa Ufaransa bila kuwa raia mwenye haki. Alitakiwa kulipa kodi na kufa vitani, lakini hakuwa na kura sawa na ya Mfaransa mpaka akubali kuiacha sheria ya Kiislamu katika ndoa, mirathi na mambo ya nyumbani. Viollette na Blum walitayarisha muswada mdogo mno. Ungewapa uraia kamili watu kati ya 20,000 na 25,000, kama maofisa wa jeshi, wenye shahada na wenye nishani, bila kuwalazimisha kuacha sheria ya dini yao. Waislamu wa Algeria wakati huo walikuwa kama milioni sita. Huu ulikuwa upenyo wa sindano, wala haukuwa mapinduzi.

Na alikuwapo mtu aliyetamani kupita kwenye upenyo huo. Ferhat Abbas alikuwa mfamasia wa mji wa Sétif, kijana wa shule za Kifaransa aliyeamini kila neno alilofundishwa kuhusu haki za binadamu. Mwaka huo huo wa 1936 aliandika makala yenye kichwa kinachosema Ufaransa ni mimi. Humo alisema aliiuliza historia, akawauliza walio hai na waliokufa, akazuru hadi makaburini, na hakuna aliyemwambia habari za taifa la Algeria. Nataka mlisikie jambo hili kwa uzito wake. Huyu ni mtawaliwa aliyeyapokea masimulizi makuu yote, bila kubakiza. Hakuomba kingine ila yatimizwe. Viollette alikuwa amekwisha kuwaonya maseneta wenzake mwaka 1935 kwamba watu hawa wanatafuta nchi ya kuwa yao, wanaiomba Ufaransa, na wakinyimwa watajitengenezea nyingine.

Januari 1937 mameya wa Algeria wapatao 300, watu wa walowezi wa Kifaransa, walikutana Algiers wakaukataa muswada kwa kauli moja. Bunge halikufika hata kuupigia kura. Mwaka 1943 Ferhat Abbas aliandika Manifesto ya Watu wa Algeria. Mwaka 1944 serikali ya de Gaulle ilitoa amri ya kuwapa uraia Waislamu kama 65,000, zaidi ya mara mbili ya kile alichokitaka Viollette, na kufikia hapo haikumridhisha Abbas tena. Tarehe 8 Mei 1945, siku ambayo Ulaya ilikuwa ikisherehekea kushindwa kwa Hitler, maandamano ya mji wake wa Sétif yalipigwa risasi, na katika wiki zilizofuata maelfu ya Waalgeria waliuawa. Mwaka 1958 yule yule aliyetafuta taifa makaburini akawa rais wa serikali ya muda ya Algeria inayopigana na Ufaransa.

Sasa tucheze mchezo wenyewe. Tuseme muswada umepita. Abbas amekaa katika Bunge la Paris mwaka 1938. Je, tumeuepuka usasabaadaye?

Mwanzoni inaelekea tumeuepuka. Halafu inakuja 1940. Ufaransa inashindwa na Ujerumani, na serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wanazi, inashika madaraka. Hapa yako mambo yaliyotokea kweli, hatuhitaji kubuni. Wayahudi wa Algeria walikuwa wamepewa uraia wa Ufaransa kwa amri ya Crémieux ya mwaka 1870. Miaka 70 walikuwa raia. Walipiga kura, wakapigana vita vya kwanza vya dunia, wakazika wana wao. Oktoba 1940 amri hiyo ilifutwa kwa kalamu moja. Hakukuwa na askari wa Kijerumani mitaani Algiers. Utawala wa Kifaransa ulifanya kazi hiyo wenyewe. Mwaka 1942 mtoto wa miaka 12, Jackie Derrida, alifika shuleni Ben Aknoun siku ya kufungua shule akaambiwa arudi nyumbani, wazazi wake wataandikiwa barua. Sababu ni kwamba idadi ya wanafunzi Wayahudi ilikuwa imepunguzwa tena. Ikiwa uraia wa miaka 70 ulifutwa kwa siku moja, muswada wa Viollette wenye miaka mitatu ungeishi vipi?

Basi itabidi tuifute Vichy pia. Ili tuifute Vichy, itabidi tufute kushindwa kwa 1940. Na hata tukifanya yote hayo, bado wapo wale mameya 300. Walowezi walikuwa na mashamba bora ya nchi, na mashamba hayo yalipatikana kwa sababu waliokuwa wakiyalima kabla yao hawakuwa na kura. Kumpa Abbas na wenzake wote uraia wa kweli kungeyafikisha mashamba hayo mbele ya sheria. Ni kama kuchomoa ukindu mmoja kwenye mkeka: unavuta huu, unafuatana na wa pili, na ukimaliza huna mkeka tena. Ufaransa isiyozaa shaka ile ingekuwa Ufaransa isiyokuwa dola ya kikoloni. Na Ufaransa isiyo dola ya kikoloni ingekuwa na Mwangaza mwingine, na pesa nyingine, na Paris nyingine. Tungekuwa tumeibadilisha karne ya kumi na tisa nzima ili kumzuia Derrida asiandike.

Ndiyo maana nasema shaka isingeepukika. Nawaomba mnielewe vizuri hapa, kwa sababu kuna mtego. Kusema jambo halikuepukika kwa kawaida huwa ni kusimulia masimulizi makuu mengine, kwamba historia ina reli na sisi ni abiria. Sisemi hivyo. Sioni reli yoyote. Naona ahadi iliyotolewa kwa binadamu wote na kulipiwa kwa jasho la baadhi yao. Waliolipia walikuwa wanajua kusoma. Walipewa hata vitabu vyenye ahadi hiyo. Mahali popote hali hiyo ilipokuwapo, ilikuwa ni suala la muda tu kabla ya mtu kusimama na kuuliza.

Nilisema pia kuwa vazi lingeweza kuwa jingine. Kwa hili nataka tumkaribie mtu mmoja, kwa sababu kwangu yeye ni muhimu kuliko maprofesa wote niliowataja.

Anaitwa Paul Teitgen. Wakati wa vita vya pili alikuwa katika harakati za siri za kuwapinga Wanazi. Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walimkamata na kumtesa mjini Nancy, kisha akapelekwa kambi ya Dachau. Alinusurika. Mwaka 1956 alipelekwa Algiers kuwa katibu mkuu wa polisi. Mwanzoni mwa mwaka 1957 jeshi la Jenerali Massu lilipewa mamlaka ya kuusafisha mji, na vijana wa miavuli wakaanza kuwazoa watu majumbani usiku. Teitgen alitembelea kambi ambako watu hao walikuwa wakishikiliwa. Tarehe 24 Machi 1957 alimwandikia waziri mkazi wa Ufaransa nchini Algeria barua ya kujiuzulu. Alisema kwamba miilini mwa waliozuiliwa alizitambua alama za ukatili ambao yeye mwenyewe alitendewa miaka kumi na minne nyuma katika vyumba vya chini vya Gestapo. Hawakumwachia mara moja. Aliondoka Septemba mwaka huo, na kwa hesabu yake watu 3,024 kati ya wale aliotia saini wazuiliwe hawakujulikana waliko.

Fikirieni barua ile. Ndani yake mna shaka yote ya usasabaadaye. Nchi iliyoandika Tamko la Haki za Binadamu mwaka 1789 imefanya kitendo kile kile cha adui wake, kwa jina la ustaarabu. Masimulizi makuu yamekwisha, hapo hapo, kwenye ngozi ya mtu. Lakini angalieni Teitgen amefikaje kwenye shaka hiyo. Ametambua alama. Amehesabu watu. Ametaja tarehe na mahali. Hakuwa na shaka hata chembe juu ya ukweli, na kwa sababu alikuwa na hakika na ukweli aliacha kuyaamini masimulizi.

Hapo ndipo njia zilipogawanyika. Shaka ya Teitgen inasimama juu ya ukweli ulioonekana kwa macho. Shaka iliyokuja kutawala vyuo vikuu miaka thelathini baadaye, hasa mikononi mwa wafuasi, ilitoka kwenye kuyashuku masimulizi ikaingia kwenye kuushuku ukweli wenyewe, mpaka ukasikia watu wazima wakisema kila kitu ni matini na kila jambo ni tafsiri. Derrida mwenyewe hakufika huko, na wanaomsoma kwa makini wanajua. Lakini mlango ulikuwa umeachwa wazi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Robert Faurisson, mhadhiri wa fasihi nchini Ufaransa, alisimama hadharani na kukana kwamba vyumba vya gesi vya Wanazi vilikuwapo. Lyotard alilazimika kurudi mezani, na kitabu chake cha mwaka 1983 kinaanza kwa kupambana na swali hilo: mhanga ataonyeshaje dhuluma aliyofanyiwa, ikiwa aliyeiona kwa macho hawezi kurudi kuisimulia? Teitgen hakuwa na shida hiyo. Aliziona alama.

Kwa nini basi shaka ilivaa vazi lile na si hili? Hapa ndipo ajali zinapopata nafasi yake halali, nami nawapa haki wanaozipenda.

Ajali ya kwanza ni chama. Mwaka 1956 mtu wa Paris aliyechukizwa na vita vya Algeria alikuwa na mahali pa kwenda, napo ni Chama cha Kikomunisti, kilichokuwa kikubwa. Machi mwaka ule wabunge wake walipiga kura kuipa serikali mamlaka maalumu Algeria. Mwezi mmoja kabla, Khrushchev, kiongozi wa Usovieti, alikuwa amefichua uhalifu wa Stalin. Aimé Césaire, mshairi na mbunge wa Martinique, alijitoa chamani Oktoba kwa barua inayotaja yote mawili. Siku chache baadaye vifaru vya Kisovieti vikayazima maasi ya Budapest, Hungaria. Lau chama kile kingepiga kura ya hapana mwezi Machi, kizazi kile kingeweza kupeleka shaka yake barabarani na mahakamani, mikononi mwa watu wenye jina na kadi. Kura ile ilikuwa ya watu, na watu wangeweza kupiga vingine. Waliobaki bila makao walikimbilia kwenye maandishi. Na hata maandishi yenyewe yalibanwa. Henri Alleg alipochapisha mwaka 1958 kitabu cha jinsi alivyoteswa Algiers, serikali ilikizuia baada ya wiki chache.

Ajali ya pili ni New York. Claude Lévi-Strauss, Myahudi aliyekimbia Ufaransa mwaka 1941, alikutana huko na mwanaisimu Roman Jakobson, mkimbizi mwenzake. Kwa mkutano huo isimu iliingia katika elimu ya jamii, na umuundo, yaani fikra kwamba maana hutokana na mfumo wa ishara, ukawa lugha ya heshima ya kila msomi wa Paris. Aliyekuwa na shaka katika miaka ya 1960 ilimbidi aisemee ndani ya lugha hiyo ya ishara na mifumo, la sivyo asingesikilizwa.

Ajali ya tatu ni Baltimore. Oktoba 1966 Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kiliitisha kongamano la kuutambulisha umuundo kwa Wamarekani. Derrida, wakati huo ana miaka 36, alisoma hapo mhadhara uliouchimba umuundo wenyewe chini kwa chini. Kuanzia hapo Wamarekani walimpokea, na wao ndio waliokuwa na vyuo vikuu vingi, fedha na wachapishaji. Walimpokea kama msomaji wa Plato na Rousseau. Mtoto aliyefukuzwa Ben Aknoun hakusafiri naye. Derrida aliandika kwa kirefu kuhusu utoto wake wa Algeria katika miaka ya 1990, wakati vitabu vyake vya mwanzo vilikwishakuwa mitaala. Wanafunzi wengi wa Marekani, na baadaye wetu pia, walifundishwa shaka bila kuambiwa ilitokea wapi. Fikra inayofika bila kisa chake hugeuka mbinu, na mbinu mtu anaweza kuitumia kwa lolote. Nalisema hili kwa uchungu. Nimewasikia vijana werevu wakidengua, yaani kulifumua kwa mbinu za Derrida, shairi la Muyaka kwa ustadi mkubwa huku hawajawahi kusikia jina la Sétif.

Wapo watakaoniambia kuwa mimi naipa Algeria uzito kupita kiasi, kwamba usasabaadaye ni utamaduni wa ubepari wa hivi karibuni, kama alivyoandika Fredric Jameson mwaka 1984, au ni huzuni ya waliopigwa chini baada ya Mei 1968. Hoja hizo zinaeleza vizuri kwa nini fikra ile ilipata soko. Hazielezi kwa nini waliokuwa na la kuuza walikuwa watu wa Algiers, Oran na Constantine.

Sasa, vazi jingine lingekuwaje? Hatulazimiki kubuni, kwa sababu lilikwishaanza kushonwa. Frantz Fanon alizaliwa Martinique mwaka 1925, akimzidi Foucault mwaka mmoja. Ni watu wa rika moja, huwa tunasahau. Kuanzia 1953 alikuwa daktari wa magonjwa ya akili katika hospitali ya Blida. Katika kitabu chake cha mwisho, cha mwaka 1961, ameandika habari za wagonjwa aliowatibu. Mmoja ni inspekta wa polisi Mzungu ambaye kazi yake ilikuwa kuwatesa watu ili waseme. Alianza kumpiga mke wake na watoto wake nyumbani, hata mtoto mdogo kabisa. Alikwenda kwa Fanon kuomba atibiwe. Hakuwa na nia ya kuacha kazi, alitaka asaidiwe aendelee kuwatesa wafungwa bila kusumbuliwa na dhamiri na bila kuvunja nyumba yake. Anayetaka kujua jinsi akili ya Mwangaza ilivyoweza kugeuka kuwa ugonjwa hahitaji istilahi yoyote baada ya kusoma kurasa zile.

Na Fanon hakuishia kwenye shaka. Aliwaambia wenzake waiache Ulaya hii ambayo haiachi kumzungumzia binadamu na inamwua kila inapomkuta. Hapo hapo akadai binadamu mpya atafutwe. Alimkataa msimulizi bila kumkataa binadamu. Leukemia, saratani ya damu, ilimwua Marekani tarehe 6 Desemba 1961, ana miaka 36, miezi saba kabla ya uhuru wa Algeria. Umri ule ule ambao Derrida alikuwa nao akisimama Baltimore. Mkinilazimisha kuchagua badiliko moja tu la historia, sitamgusa mwanafalsafa Nietzsche wala Paris wala Quebec. Nitampa Fanon miaka thelathini zaidi. Shaka ingekuwapo ile ile, pengine kali zaidi. Lakini ingekuwa na daktari wake, ikatembea wodini, ikabaki na majina ya wagonjwa.

Hata katika fasihi umbo lile la kuvunjikavunjika halikungoja ruhusa ya nadharia. Kateb Yacine, mwandishi Mwalgeria, alikuwa mwanafunzi wa miaka 15 alipoandamana Sétif mwaka 1945. Alifungwa, akafukuzwa shule. Riwaya yake ya mwaka 1956 haina mstari ulionyooka: wakati unazunguka, sauti zinapokezana, tukio moja linarudi na kurudi kutoka pande tofauti. Lyotard alikuwa bado hajaliandika neno lake. Kateb hakuwa anatekeleza nadharia. Aliyekamatwa akiwa mtoto na nchi iliyomfundisha uhuru angeisimuliaje hadithi yake kwa mstari mnyoofu?

Ndivyo ninavyomsoma pia Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe. Wahakiki wetu huziita riwaya zake mbili za mwaka 1990 na 1991, zile za safari za ndotoni na njia zisizo na mwisho, za usasabaadaye, na baadhi huongeza kwa lawama kwamba aliuokota Marekani alikosomea uzamivu. Ni kweli alisoma Wisconsin, akamaliza mwaka 1985, na aliwasoma wanafalsafa wa Ulaya kwa bidii. Lakini kabla ya Wisconsin, mwaka 1979, alikuwa amekwisha kuandika riwaya ya Kiswahili iliyonyooka kuhusu wanakijiji wanaohamishiwa vijiji vya ujamaa. Aliyashuhudia masimulizi makuu ya kwetu, yenye nia njema kuliko ya mameya wa Algiers kwa mbali sana, yakikutana na watu waliobebwa kwa malori kati ya 1973 na 1976. Kilichobadilika baadaye ni umbo. Shaka aliondoka nayo hapa.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu wa fasihi na falsafa mliomo humu ni dogo. Mnapolifikia somo la usasabaadaye, msianze na ufafanuzi wa 1979. Anzeni na muswada wa 1936 na ile barua ya 24 Machi 1957, halafu mpeni mwanafunzi Fanon, halafu Kezilahabi, na Derrida afuate akiwa na Ben Aknoun yake. Mwanafunzi aliyeipitia njia hiyo atajua ni nini hasa kilichotiliwa shaka, na nani alikuwa na haki ya kukitilia shaka. Na akikutana na mtu anayekana mauaji kwa kisingizio kwamba kila kitu ni tafsiri, atakuwa na la kumjibu.

Nimemaliza. Tuingie kwenye maswali, na ningependa tuanze na wale wasiokubaliana nami kuhusu Derrida. Asanteni kwa kunisikiliza.